Alhamdulillahi Haina Namba

Ibra, mwezi wa saba, saa nne asubuhi,
jua limeshapasua mawe ya Sufala,
nami nina dodoso mkobani, maswali ishirini na moja,
kalamu mbili, na kiapo cha kutobadili hata neno.

"Katika wiki mbili zilizopita,
ni siku ngapi umekosa usingizi?"
Bi Zuweina binti Seif akanimiminia kahawa.
"Alhamdulillahi," akasema.
Nikamsomea tena: sifuri, moja, mbili au tatu?
"Alhamdulillahi, mwanangu. Hujasikia?"
Nikatia sifuri.
Macho yake mekundu kama punje za komamanga,
lakini macho hayamo kwenye fomu.

Silitukani dodoso. Lina mbio:
nyumba arubaini kwa wiki,
na chozi la mmoja halikwambii hali ya mji.
Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema.
Hawakusema kwamba halipotei.
Dodoso huuliza mlangoni,
na mlangoni kila mtu mzima.

Kisha Daktari Yaarub akasema: tupime dawa.
Vidonge vya kweli, vidonge vya unga,
bahasha zimefungwa, kura imepigwa na kompyuta,
asijue anayetoa, asijue anayepokea.
Nilipenda uadilifu wake, sikufichi.
Kura haimjui sheikh wala mchunga mbuzi,
haimpendelei hata mtoto wa shangazi yangu.
Kwingine kote daktari husema, hesabu ikaitikia;
hapa hesabu husema, daktari akanyamaza.

Ila Jumatano, soko la wanawake,
nikamfuma Ghaniya na wifi yake nyuma ya chupa za marashi
wakihesabiana vidonge viganjani.
"Wangu mchungu, wake mtamu,
tumegawana nusu kwa nusu tusidhulumiane."
Uadilifu umekutana na uadilifu!
Nilicheka mpaka garini.
Garini nikakumbuka ripoti.

Na Bi Zuweina? Hakuwamo.
Umri umepita, figo, presha, hana wa kumleta hospitali.
Dawa ikapimwa kwa wasiofanana naye,
kisha akaandikiwa yeye.

Mwenzetu mmoja akachora mchoro:
wanaokunywa chai ya karaki usiku hawalali.
Mstari umepanda vizuri kama ngazi za ngome.
Nikaenda kwa Shafiq, muuza chai wa barabarani.
"Dada," akasema, huku akikoroga,
"hawa huja kwangu saa nane za usiku.
Mwenye usingizi atanijia saa nane?"
Mchoro ulikuwa kweli tupu.
Haukujua tu nani kamtangulia nani.

Nikarudi kwa Bi Zuweina bila fomu.
Jioni ya kwanza, tende. Ya pili, tende na ya jirani.
Ya sita akakiacha Kiarabu cha mchana
akashika Kiswahili cha Unguja, lugha anayougulia.
"Marehemu alikuwa akikizima kiyoyozi saa tisa,
akiamka kusali. Kimya kile ndicho kilichonilaza.
Sasa hakizimwi.
Nakesha nikingoja kizimwe."

Nilitaka kukimbia nayo mji mzima.
Halafu nikajiuliza:
si mimi niliyetaja usiku kwanza?
Si mimi niliyeinama, nikatikisa kichwa
kila alipomtaja mumewe?
Nilimpenda, na mapenzi si mizani.
Wajane wangapi wa Ibra wanangoja kiyoyozi?
Labda yeye peke yake. Labda wote.

"Wangapi?" Daktari aliuliza.
"Mmoja."
"Mmoja si utafiti."
Kweli.
"Na sifuri yake, Daktari?"
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Safu ya mia na kumi na nane ingali sifuri.
Sijaigusa; kiapo ni kiapo.
Ila pembeni, kwa penseli, nimeandika: saa tisa,
kwa herufi ndogo ambazo mashine haisomi,
na usiku nikipitia Sufala
huzima gari mbele ya ukuta wake,
nikasikiliza kinavyonguruma.